Faili Halipotei Lenyewe

Katika ofisi za serikali humu nchini kuna sentensi moja ambayo mwananchi huisikia mara nyingi kuliko salamu: "Faili halionekani." Aghalabu huandamana na nyingine fupi: "Rudi wiki ijayo." Mchukue mkulima wa Siakago aliyerauka alfajiri, akapanda matatu hadi mjini Embu kufuatilia rufani ya shamba la marehemu babake. Akiambiwa maneno hayo huyapokea kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imenyesha. Jambo limetokea, hapana aliyelitenda, basi hapana wa kuulizwa. Huinamisha kichwa, akashukuru, akarudi kutafuta nauli ya wiki ijayo.

Sisi tunaofundisha isimu tunaiona sentensi hiyo kwa jicho jingine. Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, kina namna zaidi ya moja ya kumweka kando mtenda. Ukisema "kioo kilivunjwa", humtaji mtu, lakini umemwachia nafasi, msikilizaji anaweza kukuuliza "na nani?" nawe ukamjibu "na Juma." Ukisema "kioo kilivunjika", umeufunga mlango huo. Hatusemi "kioo kilivunjika na Juma". Sarufi yenyewe haikubali. Vivyo hivyo, "poteza" humtaka mtenda, "potea" hamtaki. Karani hasemi "tumelipoteza faili lako." Husema "limepotea," au "halionekani," kana kwamba faili liliamka asubuhi likajiendea zake. Na pale mwananchi anapoelewa anachotakiwa kuelewa, akatoa cha chai, faili hilohilo "hupatikana". Bado mtenda hayupo! Faili lililojipoteza limejipata.

Simlaumu karani kwa sarufi yake, maana aliikuta. Ninachodai ni kwamba tumeizoea mno kauli hiyo hata tukasahau kuuliza swali ambalo serikali yoyote yenye masjala inapaswa kuweza kulijibu: ni nani aliyelichukua faili hilo mara ya mwisho, siku gani, na kwa idhini ya nani? Kwa masjala nakusudia chumba cha mafaili, kile ambacho wengi hukiita rejistri. Katika chumba hicho huwepo, au hutarajiwa kuwepo, daftari la kuonyesha mwendo wa mafaili. Kila faili linapotoka huandikwa nambari yake, jina la aliyelitwaa na tarehe. Daftari la namna hiyo linauzwa katika duka lolote la vitabu mjini Meru. Kwa hiyo hoja ya uhaba wa fedha, ambayo wakubwa huitanguliza kila wanapoulizwa, haina uzito mkubwa hapa.

Katika Meru na Embu hasara ya uzembe huu huonekana waziwazi zaidi katika ardhi. Sehemu kubwa ya mashamba ya huko, hususan Mbeere, Tharaka, Tigania na Igembe, yalipimwa au yangali yanapimwa chini ya sheria za kuainisha haki za ardhi, ambazo mashuhuri kati yake ni ile ya mwaka 1968. Chini ya sheria hiyo huteuliwa kamati ya wakazi, mipaka huwekwa, kisha huandikwa rejista ya kila aliyetambuliwa kuwa na haki. Asiyeridhika hupewa siku 60 kutoa pingamizi kwa afisa mhusika; asiporidhika tena, siku 60 nyingine za kukata rufani kwa Waziri. Jambo ambalo wengi hawalijui mpaka liwafike ni kwamba kabla rejista haijawa ya mwisho, mtu hawezi kufungua kesi ya madai mahakamani juu ya ardhi hiyo bila idhini ya maandishi ya afisa huyo. Maana yake ni kwamba rejista na majalada ya pingamizi ndiyo kesi yenyewe. Yakitoweka, huna pa kusimama; huwezi kwenda mbele wala kortini.

Nao muda si rafiki. Wazee waliokaa katika kamati za kwanza, wale walioujua mpaka kwa mti na kijito, wamekwisha kufa au wanakufa. Zamani Wameru waliliachia baraza la Njuri Ncheke kazi ya kukumbuka. Mzozo ulipozuka waliitwa watu wenye majina, waliojulikana kuwa ndio wenye habari ya ukoo fulani na mpaka fulani, wakaapishwa wakasema. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na mwanamke hakuwa na sauti kubwa ndani yake. Lakini kila kumbukumbu ilikuwa na mwenyewe. Tulipohamisha kumbukumbu kutoka vichwani mwa wazee hadi kwenye karatasi, hatukuhamisha na huyo mwenyewe. Tunayo karatasi ambayo hakuna anayeulizwa habari zake.

Isitoshe, karatasi hizo zimesafiri sana. Kirinyaga ilitoka katika Embu wakati wa uhuru. Mwaka 1992 Wilaya ya Meru ilimegwa, zikazaliwa Nyambene na Tharaka-Nithi, nayo Tharaka-Nithi baadaye ikagawanywa tena. Mwaka 1996 Mbeere ikatengwa na Embu. Kila wilaya mpya ilipozinduliwa kulikuwa na ngoma, hotuba na bendera. Sijasikia sherehe hata moja ambapo mkuu wa wilaya alisomewa hadharani orodha ya mafaili aliyokabidhiwa. Yapo yaliyobaki makao ya zamani kwa sababu yalihusu watu wa pande zote mbili, na yapo yaliyopakiwa kwenye lori pamoja na viti na meza. Anayefuatilia rufani iliyofunguliwa kabla ya 1996 huenda akatumwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, kila ofisi ikimwelekeza kwa jirani, na pengine kila moja ikisema kweli.

Kisha ukaja mwaka 2013. Mabaraza 175 ya miji, manispaa na kaunti yalivunjwa usiku mmoja, nafasi yao ikatwaliwa na serikali 47 za kaunti. Upande huu yaliondoka mabaraza kama vile ya Manispaa ya Embu na ya Manispaa ya Meru, pamoja na mengine madogo, kila moja likiwa na mafaili yake ya viwanja vya masoko, kodi za majengo, mikataba, mishahara na madeni. Iliundwa Mamlaka ya Mpito ambayo mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuorodhesha mali na madeni ya mabaraza hayo. Mamlaka hiyo ilifikia kikomo chake mwaka 2016, na sehemu ya kazi ikarithiwa na kamati ya uhusiano baina ya serikali kuu na kaunti. Tangu hapo ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti zimekuwa zikirudia malalamiko yaleyale: ardhi na majengo yasiyo na hati za umiliki, rejista za mali zisizokamilika, malipo yasiyo na vielelezo. Wananchi husoma ripoti hizo wakaona wizi. Wizi upo, bila shaka. Lakini mara nyingine fedha zilitumika ipasavyo na ushahidi ndio usiokuwepo. Na ubaya wa kukosa kumbukumbu ni kwamba mwizi na mwaminifu huonekana sawasawa.

Siasa za majimbo haya mawili zinalithibitisha hilo. Embu ndiko alikotoka gavana wa kwanza nchini kung'olewa na bunge la kaunti na Seneti, mwaka 2014, katika mzozo uliohusu zabuni na matumizi ya fedha, na ambao mahakama ziliushughulikia kwa muda mrefu. Meru nayo ilimfikisha gavana wake mbele ya Seneti mara tatu, 2022, 2023 na 2024. Mara ya tatu Seneti iliidhinisha, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaukubali uamuzi huo. Sina haja ya kupima hapa nani alikuwa na haki. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba mabishano ya aina hii hatimaye huamuliwa kwa karatasi: barua ya uteuzi, kumbukumbu za mkutano, vocha ya malipo. Meru imekuwa na magavana wanne katika miaka kumi na miwili. Kila anayeingia huja na wasaidizi wake, na kila msaidizi huja na kabati lake. Ipo sheria ya mwaka 2019 inayosimamia kuapishwa kwa gavana na makabidhiano ya ofisi, lakini kamera huelekezwa kwenye Biblia. Makabati hayaonyeshwi.

Inachekesha, na pia inauma, kwamba wakoloni walikuwa na utaratibu bora wa jambo hili. Kila mkuu wa wilaya alipohamishwa aliandika ripoti ya makabidhiano: hali ya barabara, machifu wa kutegemewa, kesi zilizobaki, madeni. Ripoti za Embu na Meru zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi, katika lile jengo la zamani la benki barabara ya Moi. Mmoja wa wakuu wa wilaya waliohudumu Meru ni H. E. Lambert, ambaye sisi wanaisimu tunamjua kwa vitabu vyake vya lahaja za pwani ya kusini kama Chi-Chifundi na Ki-Vumba. Wanahistoria wanamjua kwa mengine: ndiye aliyeitaka serikali ya wakati huo itambue Njuri Ncheke. Twaweza kupinga alichokiamini mtu huyo kwa sababu tunacho alichokiandika.

Lakini tusiwapambe. Waliojua thamani ya faili walijua pia hatari yake. Uhuru ulipokaribia, mafaili yaliyoweza kuwaaibisha yalichambuliwa. Mengine yalichomwa moto, mengine yakasafirishwa Uingereza kwa siri. Kenya iliyaomba mwaka 1967 ikanyimwa. Ni mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipokuwa wamefika Mahakama Kuu ya London, ambapo serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park masanduku takriban 300 yenye mafaili yapata 1,500 ya Kenya. Humo mlikuwa na habari za mateso katika kambi za vizuizini, zikiwemo za Mwea, ambazo enzi hizo zilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu. Juni 2013 Uingereza ilitangaza fidia na gharama za pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Ushuhuda wa wazee ulikuwepo tangu zamani na ulipuuzwa tangu zamani. Karatasi za serikali yenyewe ndizo zilizoufanya usipuuzike tena. Faili lile nalo lilikuwa "halionekani" kwa nusu karne. Mtenda alikuwepo muda wote.

Leo tunaambiwa dawa ni kompyuta. Aprili 2021 ulizinduliwa mfumo wa Ardhisasa, ulioanzia Nairobi. Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 nayo ilizipa ofisi za umma miaka mitatu kuziingiza kumbukumbu zao katika kompyuta, na miaka hiyo iliisha 2019. Sipingi mashine. Hata hivyo, mashine hupiga picha ya kilichopo. Chumba chenye mafaili yasiyo na nambari, yenye kurasa zilizonyofolewa na mengine yaliyoliwa na mchwa, kikipigwa picha chote tutapata vurugu ileile, safari hii ndani ya kioo, na pengine itaaminika zaidi kwa kuwa imetoka kwenye kompyuta. Kazi ya kwanza ni ya mikono: kupanga, kuhesabu kurasa, kuandika fahirisi, kubainisha kipi kihifadhiwe na kipi kiteketezwe kwa idhini ya mkurugenzi wa Nyaraka za Kitaifa, kama sheria ya mwaka 1965 inavyotaka. Kazi hiyo haina ufunguzi wala utepe wa kukata. Ndiyo maana aghalabu masjala hupelekwa mtumishi aliyekosana na wakubwa.

Ningependa kuona kaunti za Meru na Embu, kila moja au kwa pamoja na Tharaka-Nithi, zikijenga kituo cha kumbukumbu chenye afisa aliyesomea kazi hiyo na anayejulikana kwa jina. Vituo vya nje ya Nairobi ambavyo Nyaraka za Kitaifa imekuwa navyo kwa muda mrefu ni vya Mombasa, Nakuru, Kisumu, Kakamega na Nyeri. Kwa mtu wa Maua hata hicho cha Nyeri ni safari ya kutwa. Vyuo vikuu vimefika Embu, Chuka na Nchiru. Wanafunzi wa historia na wa ukutubi wangeweza kuanza na mafaili ya mabaraza yaliyovunjwa, kabla paa halijavuja mara nyingine.

Wakati tukiyangoja hayo, mwananchi hana sababu ya kungoja. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na kwamba asiyejua kuandika asikilizwe na afisa amwandikie, kisha ampe nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Basi yule mkulima wa Siakago aandike ukurasa mmoja: nambari ya shamba, jina la marehemu babake, mwaka wa rufani. Akijibiwa kwamba faili halionekani, aandike wa pili, aulize nani alitia sahihi kulitwaa mara ya mwisho na tarehe gani. Siku 21 huhesabiwa tangu barua ilipopokelewa. Kwa hivyo asiondoke dirishani kabla nakala yake haijagongwa muhuri.