Kumbukumbu za kununua na kumbukumbu za kurithi

Katika sinema iitwayo Total Recall, iliyoongozwa na Paul Verhoeven mwaka 1990, mna kampuni inayouza kumbukumbu. Mtu asiyeweza kwenda katika sayari ya Mars huketishwa kitini, mtambo ukamtia safari nzima kichwani, akaamka akiikumbuka kana kwamba aliifunga kweli. Asili ya mchezo huo ni hadithi fupi ya Philip K. Dick ya mwaka 1966. Douglas Quaid, mfanyakazi wa ujenzi anayechezwa na Arnold Schwarzenegger, anakwenda kununua safari hiyo. Kabla hajapachikwa chochote, wauzaji wanagundua kwamba akili yake ilikwisha kuchezewa zamani. Mkewe si mkewe, na maisha anayoyadhani kuwa ni yake yalitungwa na wakubwa. Baadaye anaonyeshwa mtu mwenye sura yake, aitwaye Hauser, anayedai kurudishiwa mwili wake. Quaid anakataa katakata.

Nionavyo mimi, chini ya risasi na makelele ya sinema hiyo mna swali la maana: mtu ni nani, ikiwa kumbukumbu zake zimeguswa? Jibu linalotolewa humo ni kwamba mtu hujulikana kwa matendo yake, wala si kwa anayoyakumbuka. Jibu hilo linapendeza, lakini mimi mtu wa Mkokoni silikubali lote.

Mkokoni ni kijiji cha Wabajuni, pwani ya bara, mkabala na kisiwa cha Kiwayu. Jina lenyewe linatokana na mikoko. Kwa miaka mingi vijana wa sehemu hizi za mpakani wamehojiwa zaidi ya wenzao wa mahali pengine kila walipoomba kitambulisho. Mimi nilipokwenda katika ofisi moja, niliulizwa jina la baba wa babu yangu, alikozaliwa na alikozikwa. Nilijibu bila kusita. Lakini mzee huyo sikupata kumwona hata siku moja. Alifariki kabla baba yangu hajazaliwa. Yote niliyoyasema niliyatiwa kichwani na bibi yangu.

Hebu tazama, ndugu msomaji. Uraia wangu ulithibitishwa kwa kumbukumbu niliyopachikwa! Ikiwa kila kumbukumbu tuliyopewa na mwingine ni ya uongo, basi sisi sote ni akina Quaid.

Kuna tofauti gani, basi, kati ya bibi na kampuni ile? Wakubwa wa Quaid walifanya kazi yao kwa siri, kwa faida yao, na aliyepachikwa hakuwa na wa kumwuliza. Bibi alisimulia barazani mbele ya watu. Akikosea jina, jirani humkatiza. Akiongeza chumvi, ndugu yake humcheka. Kumbukumbu ya namna hiyo haikai katika kichwa kimoja. Anayetaka kuibadilisha itambidi abadilishe vichwa vya kijiji kizima.

Kwa bahati mbaya, hata hilo linawezekana, na halihitaji mtambo. Vita vya shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 viliwafanya Wabajuni wengi wa bara kuhama makwao. Wengine walikwenda visiwani, wengine Malindi na Mombasa. Watu walibaki na vichwa vyao, lakini baraza lilivunjika. Shahidi mmoja yuko Faza, wa pili yuko Mombasa, wa tatu amekufa. Ndiyo sababu nasema matendo peke yake hayatoshi. Babu alipanda minazi na kuchimba kisima, lakini tendo lisilo na wa kulishuhudia litamfaa nini mjukuu anapoulizwa shamba ni la nani?

Asidhani mtu kwamba mambo ya sinema ni ndoto tu. Mwaka 2013 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, chini ya Susumu Tonegawa, walitumia mwanga kuziamsha chembe za ubongo wa panya zilizohifadhi kumbukumbu ya sanduku moja, huku wakimpiga umeme akiwa katika sanduku jingine. Tangu hapo panya huyo aliliogopa sanduku la kwanza, ambamo hakupata kuumizwa.

Kwa binadamu hata mwanga hauhitajiwi. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 visa vinne vya utoto wao. Vitatu vilikuwa vya kweli, vilivyotolewa na jamaa zao. Cha nne kilitungwa: kwamba walipokuwa na umri wa miaka mitano hivi walipotea dukani. Robo yao hivi walikubali, kwa ukamilifu au kwa sehemu, kwamba waliyakumbuka hayo.

Jambo hilo latupasa tulitafakari sisi tunaojivunia wazee. Kisa cha uongo kiliingia kwa mlango wa jamaa, kwa kuwa mtu humwamini nduguye. Wazee wetu nao wanaweza kukosea, tena kwa nia njema. Dawa yake si kuwapuuza, bali ni kuwasikiliza wengi badala ya mmoja, na kuziacha tofauti zao zionekane.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1963 sasa wamepita miaka 80, nao wanapungua kila mwaka. Kila kijana ana simu inayonasa sauti. Kwa nini isitumike kwa kazi hii? Wazee wa Mkokoni waketishwe pamoja, na waliohamia Mombasa na Malindi watafutwe. Waulizwe majina ya visima, mipaka ya mashamba, makaburi na nani alijenga wapi. Wakibishana, ubishi wao unaswe vilevile, kwa kuwa ndio alama ya kwamba hakuna aliyewapangia maneno. Nakala ziwekwe shuleni na msikitini, mahali ambapo kila mtu anaweza kusikiliza na kupinga.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Quaid alikuwa na nguvu za kuwapiga maadui zake wote, lakini hakuwa na jirani hata mmoja wa kumwambia alikuwa mtoto wa nani. Sisi majirani hao tungali nao. Tuwaulize wangali hai.