Pini Nne za Ruta

Wanafunzi wa ufundi wametuuliza jinsi ya kuunga kompyuta na ruta iliyogoma, ili kuyasoma maneno inayoyatoa inapoamka. Twawajibu, tukianza na kosa letu wenyewe.

Ruta nyingi, ukizifungua, zina pini nne ndogo katika mstari mmoja. Huo ndio mlango wa mfululizo, uitwao hivyo kwa kuwa alama za umeme hupita moja nyuma ya moja, kama watu wavukao daraja la mti mmoja. Tulipouona mara ya kwanza tulichukua waya wa kompyuta ya zamani, wa namna ya RS-232, tukauunga bila kupima. Ruta ilizimika, isiwake tena. Nayo haikuwa mali yetu.

Kanuni ya RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960, huonyesha kila alama kwa volti 3 hata 15, mara chanya, mara hasi. Lakini chipu za ruta za leo kwa kawaida hutumia volti 3,3 tu, wala haziwezi kuvumilia hasi.

Basi nunueni kigeuzi cha USB cha volti 3,3. Ruta ikiwa imezimwa, tafuteni kwa multimeta pini iliyoungana na upande wa hasi wa tundu la adapta: hiyo ndiyo ardhi. Kisha iwasheni, mpime pini nyingine. Ile isemayo huchezacheza chini ya volti 3,3. Izimeni tena, mkaunge ardhi kwa ardhi kwanza, halafu TX ya ruta kwa RX ya kigeuzi, na RX kwa TX, maana kinywa cha huyu sharti kielekee sikio la yule. Pini ya nne, iletayo umeme, iacheni. Mwendo uwe 115200. Mkiona herufi za ovyo jaribuni 57600 au 9600, hakuna kitakachoharibika.

Hayo ni ya ruta, ambayo hupata umeme mdogo kwa adapta yake. Swichi za ukutani ziamriwazo kwa simu ni jambo jingine kabisa: mara nyingi ardhi yake ya ndani imeungana na umeme wa nyumba, ambao waweza kuunguza kompyuta na kumwua aishikaye. Chombo cha namna hiyo kitolewe ukutani kwanza, kisha kipewe volti 3,3 za kigeuzi. Hapo ndipo pini ya nne hupata kazi.