Televisheni Isiyolala

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Aliyeujaalia usiku kuwa wa utulivu na mchana kuwa wa kutafuta riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Mbele ya kamati ya msikiti wetu hapa Runazi limeletwa pendekezo. Vijana wetu, Allah awahifadhi, wameomba msikiti ununue skrini kubwa na ruta, kisha ujiunge na huduma mpya ya televisheni ya intaneti inayolipiwa kila mwezi, na vyote vifungwe katika chumba cha madrasa. Hoja yao ni kwamba humo mna darsa, mna visomo vya Qur'ani, mna historia ya Uislamu, na kwamba kijana atakayekaa madrasa hatakwenda kwenye kibanda cha video. Walipoulizwa fedha zitatoka wapi, walijibu kuwa zichukuliwe katika mfuko unaomlipa ustadhi posho yake, kwa miezi michache tu.

Kamati ilimtuma mwandishi wa makala haya aijaribu huduma hiyo nyumbani kwake kwa mwezi mmoja, kwa kuwa mwezi wa kwanza hutolewa bure, kisha alete taarifa. Taarifa ndiyo hii. Haikuandikwa kumpendeza kijana wala mzee.

Hatuharamishi bila dalili

Kwanza tuondoe upotoshaji. Wapo miongoni mwetu ambao kila kipya kikifika kijijini hukimbilia kusema ni haramu. Walisema hivyo juu ya redio, wakasema hivyo juu ya kanda za video, na televisheni ilipoanza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994 wakasema tena. Leo hao hao wana simu mbili mifukoni. Allah (s.w.) amekataza katika Surat An-Nahl ndimi zetu zisizue uongo kwa kusema hiki halali na hiki haramu. Kioo ni chombo, na wanazuoni wametufundisha kuwa njia hupata hukumu ya lengo lake. Kwa hiyo hatuulizi kama skrini ni haramu. Tunauliza chombo hiki kimetengenezwa kwa lengo gani, na kikiingia ndani ya nyumba kinachukua nini.

Kilichotokea nyumbani

Usiku wa kwanza nilifungua darsa ya tafsiri. Ilikuwa darsa nzuri, sheikh alisomesha kwa utulivu, na familia nzima ilikaa kusikiliza. Ilipokwisha, kabla sijanyoosha mkono, chombo chenyewe kilianza kuhesabu sekunde na kufungua kitu kingine. Usiku wa pili kilitupendekezea tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, yenye masultani, farasi na panga. Nikasema, hii nayo ni historia ya Waislamu. Sehemu ya kwanza ilikatika pale ambapo mtu mwema yuko hatarini, na sehemu ya pili ikaanza yenyewe.

Usiku wa nne nilizima saa nane. Adhana ya Alfajiri ilipoadhiniwa sikuisikia, nami nakaa hatua mia mbili kutoka msikitini. Niliamka jua limekwisha chomoza. Mwenye kuandika haya ni mzee mwenye wajukuu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwakemea vijana kwa kukosa safu ya Alfajiri. Siku hiyo safu ilikuwa na watu saba, na mimi sikuwamo. Nimeyasema haya hadharani, na aibu yake naibeba, kwa sababu bila ya kuyasema yaliyobaki hayatakuwa na uzito.

Ikiwa siku nne zilinitosha mimi, ambaye sina hamu ya filamu na niliyetumwa kufanya uchunguzi, je, kijana wa miaka kumi na saba atachukua siku ngapi?

Mshindani wao ni usingizi

Hapa tusije tukadhani kuwa lililonipata ni bahati mbaya. Biashara hii imejengwa hivyo, na wenyewe wamelisema. Kampuni ya Netflix ya Marekani ilianzishwa mwaka 1997 kwa kukodisha filamu kwa njia ya posta, mwaka 2007 ikaanza kuzirusha kwa intaneti, na Januari 2016 ikafungua milango katika nchi 130 kwa siku moja, Tanzania ikiwemo. Mwezi Aprili 2017 mkuu wake wa wakati huo, Reed Hastings, alipozungumza na wawekezaji kuhusu washindani wao, aliutaja usingizi wa watu kuwa ndio wanaoshindana nao.

Tulizingatie neno hilo. Mfanyabiashara wa kawaida hushindana na mfanyabiashara mwenziwe. Muuza duka wa Runazi hushindana na muuza duka wa pili. Huyu ametangaza kushindana na usingizi, ambao Allah (s.w.) ametukumbusha katika Surat An-Nabaa kuwa ameufanya kuwa mapumziko yetu. Naye huduma zote za aina hii hujifunza kwake: kitu kinachofuata huanza chenyewe, orodha haina mwisho, na pendekezo hutolewa kwa kuangalia jana ulikaa mpaka saa ngapi.

Sasa tulete mizani yetu. Katika Hadithi sahihi ya Abu Barza (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Ishaa na kuchukia mazungumzo baada yake. Wanazuoni wakaeleza hekima yake: anayekesha kwa mazungumzo huipoteza Alfajiri, au huiswali akiwa mzigo. Wakavua katika hukumu hiyo elimu, mgeni, mke na maslahi ya Waislamu, kwani imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alikesha na Abubakar (r.a.) katika kujadili mambo ya umma. Kukesha, basi, kuna mlango wake halali. Mwulize aliyekesha na tamthilia hadi saa nane kama alikuwa akijadili mambo ya umma.

Zaidi ya hayo, tumefundishwa kuwa Ishaa na Alfajiri ndizo sala zilizo nzito zaidi kwa wanafiki. Hatumwiti mtu yeyote mnafiki. Lakini tunauliza, kwa nini tukilipie kila mwezi kitu kinachoifanya Alfajiri kuwa nzito?

Kibanda na mkononi

Vijana wanasema kuwa huduma hii itawatoa kwenye kibanda cha video, kile wanachokiita kibanda umiza. Kibanda hatukitetei. Lakini tukisema kweli, kibanda kilikuwa na mambo mawili ambayo televisheni ya intaneti haina. Kwanza, kilikuwa na mlango, na mwenyewe alichoka akaufunga akaenda kulala. Pili, kilikuwa na macho ya watu: aliyeingia alionekana na jirani, na habari ikafika kwa baba kabla ya Ishaa. Huduma hii haina mlango wala jirani. Akaunti moja hufunguliwa katika simu kadhaa. Skrini itabaki madrasa, na neno la siri litakuwa chini ya blanketi la kila kijana. Tutakuwa tumetoa sadaka ya msikiti kununulia kibanda kisichofungwa.

Hesabu ya fedha

Tusisahau mfuko. Malipo ya mwezi ndiyo sehemu ndogo. Mzigo ni bando. Netflix yenyewe huwaeleza wateja wake kuwa picha ya ubora wa juu hula hadi GB 3 kwa saa, na ile iliyopunguzwa kabisa karibu GB 0.3. Skrini kubwa haipendezi kwa picha iliyopunguzwa. Tuchukue saa mbili tu kila usiku kwa siku 30: ni saa 60, yaani hadi GB 180. Kila mmoja wetu ajiulize mara ya mwisho aliponunua GB moja alilipa kiasi gani, kisha azidishe. Mkulima wa mahindi na maharage anajua gunia lake linauzwaje wakati wa mavuno.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Rusumo na Kabanga, mipakani mwa Ngara, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini fedha zitakazopita humo kila mwezi hazitabaki Ngara wala Biharamulo. Posho ya ustadhi hubaki hapa hapa. Hununua chumvi na sabuni katika duka la hapa, na mtoto wa hapa huhitimu juzuu. Ustadhi akikosa posho miezi mitatu ataondoka, na chumba cha madrasa kitabaki na kioo bila ya mwalimu. Hiyo "miezi michache tu" ndiyo itakayoiua madrasa.

Saa ya Makka na saa ya Runazi

Hoja yao iliyo nzuri kuliko zote ni kuwa tutaiona Makka usiku na mchana. Hoja hiyo tunaiheshimu, kwani hakuna moyo wa Muislamu usioitamani Al-Kaaba. Lakini matangazo ya Masjid al-Haram hurushwa bure na Saudi Arabia saa 24, wala hayahitaji malipo ya mwezi kwa mtu yeyote.

Tena lipo la kutahadhari. Saa za ukutani za Makka na zetu ni moja, lakini jua si moja. Katika miezi ya Disemba na Januari jua la Makka huzama zaidi ya saa nzima kabla ya letu. Hata Dar es Salaam, kwa kuwa iko mashariki yetu, Magharibi yao hututangulia kwa karibu nusu saa. Atakayefungua saumu kwa adhana ya kwenye kioo, akiwa amekaa Runazi, huenda akala na jua lingali juu ya vilima. Adhana yako ni ile ya muadhini wako anayetazama upeo wako. Hiyo si ya kwenye kioo.

Na hili ndilo linaloyakusanya yote. Dini yetu imefungwa kwenye nyakati: alfajiri hii, jua hili, mahali hapa. Chombo hiki hakina usiku wala mchana, na kinamfundisha mtumiaji wake kuwa hivyo hivyo.

Tunashauri nini?

Kwanza, kamati isijiunge na huduma hiyo, na mfuko wa ustadhi usiguswe kwa shilingi moja. Huu ndio msimamo wa mwandishi, na ataurudia mbele ya kamati.

Pili, kiu ya vijana ya elimu ni ya kweli, wala tusiwakatae kwa mkono mtupu. Darsa zipakuliwe mara moja mjini, kwa sauti, kwani sauti hula sehemu ndogo sana ya bando linaloliwa na picha. Zitiwe kwenye flashi na zisikilizwe madrasa baina ya Magharibi na Ishaa, ustadhi akiwepo kujibu maswali. Kioo hakijibu swali la mtoto.

Tatu, kila nyumba yenye huduma hii tayari iweke mpaka: izimwe kabla ya Ishaa, na ile tabia ya sehemu inayofuata kuanza yenyewe izimwe katika mipangilio. Simu zote zilale sebuleni, na ya baba iwe ya kwanza.

Nne, nalo ndilo gumu zaidi: sisi wazee. Tunawalaumu vijana juu ya mimbari siku ya Ijumaa, na Jumamosi usiku tunatazama mpira na tamthilia hadi macho yanauma. Kijana haoni maneno yetu, anaona mwanga wa simu chini ya mlango wetu. Hatuwezi kumwamsha kwa Alfajiri tuliyoikosa sisi wenyewe.

Mwezi wa bure ulipokwisha, kampuni ilinitumia ujumbe wa kunihimiza niendelee. Sikuendelea. Alfajiri iliyofuata nilisimama katika safu, na tulikuwa wanane. Tunataka msikiti ujae, enyi ndugu, na kila anayekosekana ana jina na ana nyumba tunayoijua. Tuwaendee kabla kile kisicholala hakijawazoea.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozihifadhi sala zao na nyakati zao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.