Maji Yasipite Juu ya Kifusi cha Mgodi

Mvua za masika zikikaribia, kila mkulima hodari hushika jembe akatengeneza matuta yake. Jambo hilo ni jema. Lakini wako wakulima ambao mashamba yao yapo chini ya vilima visivyoumbwa na Mungu, yaani vifusi vilivyoachwa na wachimbaji wa madini. Hapa Kenya tunayo mfano wa Macalder katika Migori, ambako mgodi wa shaba na dhahabu ulifungwa mwaka 1966 na mchanga mwingi uliosagwa ukaachwa nje. Kwa maoni yangu, kosa kubwa ni kukitendea kifusi kama shamba.

Shambani tunafundishwa kuyazuia maji ili yazame ardhini, na ndiyo kazi ya fanya juu. Kwenye kifusi, maji yakizama huleta hatari. Mawe ya shaba na dhahabu mara nyingi yana chuma na salfa ndani yake, nayo yakipata maji na hewa hutoa tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha shaba na madini mengine, ikayapeleka mtoni. Tena kifusi kilicholowa huwa kizito na kulegea. Kule Aberfan, Uingereza, kifusi cha mgodi wa makaa kilichorundikwa juu ya chemchemi kiliporomoka tarehe 21 Oktoba 1966, kikaua watu 144, na katika hao 116 walikuwa watoto.

Jirani zetu wa Uganda nao wameona. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza kutoa shaba mwaka 1956, ukasimama mwaka 1982. Mabaki yake yaliwekwa kandokando ya mto Nyamwamba, na mafuriko ya Mei 2013 yaliyala yakayachukua. Na rundo la mawe ya salfa lililokuwa Kasese lilioshwa na mvua miaka mingi, hata ukanda mrefu wa nchi katika mbuga, kuelekea Ziwa George, ukabaki bila majani. Mtu asidhani ardhi ya namna hiyo hupona kwa msimu mmoja.

Basi tufanye nini? Wengi husema, pandeni miti. Mimi nasema, kwanza mtaro. Uchimbwe upande wa mlimani, katika ardhi ngumu, kabla maji hayajakifikia kifusi. Ushuke nusu mita tu kwa kila mita 100. Ukizidi hapo utageuka korongo. Maji hayo bado ni safi, nayo yapelekwe mahali penye majani mazito au mawe yaliyopangwa. Chini ya kifusi lichimbwe bwawa la kutuliza tope, lenye ua, maana ng'ombe hajui kusoma kibao. Tope liondolewe kabla ya kila msimu wa mvua, lirudishwe kifusini, wala si kumwagwa shambani kama mbolea. Juu ya kifusi panatakiwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha udongo mzuri, kisha majani kama vetiva. Mahindi hapana, na malisho hapana.

Kufunika ni kazi ya gharama, na mkulima asitwikwe peke yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni aweke dhamana ya kutengeneza ardhi. Machimbo ya zamani yasiyo na mwenyewe ni lazima yashughulikiwe na Serikali.

Lakini mtaro hauhitaji fedha nyingi. Unahitaji ukanda wa ardhi, na hapo ndipo ugomvi huanza, kwa kuwa ukanda huo ni wa jirani wa juu, ambaye kifusi hakimdhuru hata kidogo. Huyo asilazimishwe kutoa bure. Walio chini wamlipe, au wamchimbie matuta yake kwa harambee, na mapatano yaandikwe mbele ya chifu. Wazee waitishe baraza sasa, wakati ardhi ni kavu na jembe linaweza kuingia.