Kabla Useme Lenzi ni Feki, Ipime

Leo nina maneno na wapiga picha wetu, kuanzia hapa Silibwet mpaka Bomet mjini, Longisa, Sotik na Kericho, na sitayapaka sukari.

Kuna imani imekita mizizi huku kwetu kwamba lenzi isiyo na jina la kampuni iliyotengeneza kamera ni feki. Ukifunga Sigma kwa Canon unachekwa. Ukifunga Tamron kwa Nikon unaulizwa kama original zimeisha dukani. Ukifunga Yongnuo, hapo hata swali huulizwi, unaangaliwa tu kwa huruma. Halafu siku picha itoke na macho hayajashika fokasi, hukumu iko tayari: "Si tulikuambia?"

Mimi nasema hiyo kesi haijasikizwa bado. Wengi wanaozilaumu hizi lenzi hawajawahi kuzipima hata siku moja. Wengi wanaozisifu pia hawajawahi. Na katikati yao kuna mteja aliyelipa pesa yake, anapewa picha ya mamake ambayo sikio limetoka safi na jicho limetoka ukungu.

Tuelewane kwanza ni lenzi gani. Naongelea zile hazina zumu, 35mm, 50mm ama 85mm, zenye apacha kubwa ya f/1.4 au f/1.8. Huku kwetu hizi si urembo. Chai haikui mahali pa jua kali siku nzima. Saa nane wingu limeshuka, saa tisa mvua imeanza, na kazi yenyewe iko ndani: kanisa la mabati lenye madirisha madogo, sebule iliyojaa wazee wa koito, hema la mazishi. Lenzi ikiwa f/1.4 inaingiza mwanga mara 16 kuliko ikiwa f/5.6. Picha ambayo ungeipiga kwa ISO 800 itakulazimu uipandishe hadi ISO 12800, na kwa hizi kamera za mitumba tunazotumia, hapo unampatia mteja mchanga. Kwa hivyo yule anayekuambia "funga apacha tu, shida itaisha" anakuambia urudi kwa giza ulilokuwa unalikimbia uliponunua lenzi.

Lakini apacha kubwa haisamehi. Chukua 50mm kwa f/1.4 kwenye kamera ya sensa ndogo, mtu akiwa mita 1.5 kutoka kwako. Sehemu itakayotoka kali, toka mbele mpaka nyuma, ni kama sentimita 5 peke yake. Fokasi ikiangukia sentimita 4 nyuma ya jicho, jicho limepotea.

Na inapoteaje, wakati kamera ilipiga "pip" na taa ikawaka? Hapa ndipo watu wengi hawajui kamera yao inafanya kazi aje. DSLR haipimi fokasi pale picha inapopigwa. Mwanga ukiingia, mwingi unarushwa na kioo kwenda juu kwa jicho lako, na kiasi kidogo kinapita katikati ya kioo na kuelekezwa chini, kwa sensa ndogo ya fokasi. Picha nayo inapigwa kwa sensa kubwa iliyo nyuma. Hizo njia mbili zinafaa kulingana kabisa. Zikitofautiana kidogo tu, kamera itaapa kuwa imeshika fokasi, na itakuwa imeshika mahali pengine. Kamera ina tofauti yake ndogo kutoka kiwandani, lenzi ina yake. Kuna wakati zinafutana na kuna wakati zinajumlishana. Ndio maana lenzi moja inaweza kukupigia picha safi, halafu umwazime jirani na airudishe akilia.

Sasa ninyi wa "original pekee", nijibuni swali moja. Kama lenzi za kampuni yenyewe huwa hazina hii shida, kwa nini mwaka wa 2007 Canon waliweka kwenye 1D Mark III menyu ya kurekebisha fokasi ya lenzi, na mwaka huohuo Nikon wakaiweka kwenye D3 na D300? Canon wanaiita AF Microadjustment, Nikon wanaiita AF Fine Tune. Hizo zilikuwa kamera za watu wenye pesa, wenye lenzi original za bei ya shamba. Kampuni zilijua tofauti ipo hata kwa mali yao, zikawapa wateja wao wakubwa njia ya kuirekebisha.

Na sisi wadogo? Angalia kamera zinazozunguka mitaani kwetu: Canon 600D, 700D, Nikon D3200, D5300. Tafuta hiyo menyu mpaka uchoke, haiko. Canon waliiweka kwa 50D, wakaitoa kwa 60D, wakairudisha kwa 70D. Tunaongea juu ya mstari mmoja kwenye menyu. Aliyenunua kamera ghali alipewa bisibisi, na yule wa kamera ya bei nafuu, anayehitaji kila picha imlipe, akaambiwa apeleke kwa fundi wa kampuni. Kutoka Silibwet, fundi wa kampuni ni safari, nauli na siku za kazi zimepotea.

Ni nani walileta jibu? Ni hao hao mnaowaita feki. Mwaka wa 2013 Sigma walianza kuuza kifaa kidogo cha USB. Unakifunga nyuma ya lenzi, unaunganisha na kompyuta, na marekebisho yanakaa ndani ya lenzi yenyewe. Kwa lenzi isiyo na zumu unarekebisha kwa umbali nne tofauti, wakati menyu ya kamera inakupa namba moja ya kufanya kazi zote. Tamron walifuata na chao mwaka wa 2016. Si kila lenzi yao inakubali, ni zile za kizazi kipya, kwa hivyo uliza kabla hujalipa. Lakini maana yake ni kwamba mtu wa 600D mwenye Sigma ya Art anaweza kurekebisha fokasi yake akiwa mezani kwake nyumbani, na mwenye lenzi original kwenye kamera hiyo hiyo hawezi. Mniambie tena nani ni feki.

Sitaki mniamini bure, kwa hivyo hii hapa njia ninayotumia. Haitaki studio.

Weka kamera kwa tripodi. Bandika kipande cha gazeti kwa boksi, kisimame wima kikiangalia lenzi. Kando yake laza rula ya shule kwa mshazari, nusu mbele ya gazeti na nusu nyuma. Kaa umbali ule unaopigia watu picha, siyo ule wa karibu kabisa. Fungua apacha yote, tumia nukta ya katikati, na washa taima ili mkono usitikise. Piga 10 ukitumia kile kidirisha cha kuchungulia, na kabla ya kila moja zungusha fokasi iharibike kwanza, mara kwa mbali, mara kwa karibu. Halafu piga 10 zingine ukiwasha skrini ya nyuma, kwa sababu hapo kamera inapima kwa sensa ile ile inayopiga picha. Fungua kwa kompyuta na ulinganishe.

Majibu ni matatu. Kama za kidirisha zote zimeangukia mahali pamoja, nyuma au mbele ya gazeti, na za skrini ziko sawa, hiyo lenzi inarekebishika. Kama za kidirisha zimetawanyika, moja mbele, moja nyuma, hakuna namba itakayokusaidia. Na kama zote ziko sawa, basi lenzi haina makosa, na ile ukungu ya Jumamosi ilitoka kwa mkono wako au kwa mtoto aliyesogea.

Mimi nilipima 50mm f/1.4 ya kampuni ya nje hivyo hivyo. Jina silitaji, kwa sababu tofauti hii inaweza kukupata na lenzi yoyote. Kwa mita 1.5, picha 9 kati ya 10 za kidirisha ziliangukia karibu sentimita 4 nyuma. Za skrini zote 10 zilikaa kwa gazeti. Nikashuka kwenye menyu mpaka -9, zikakaa. Nikarudi nyuma hadi mita 3, nikaona -9 sasa imevuta mbele kidogo. Nikaiweka -7, kwa sababu watu wengi nawapiga wakiwa kama mita 2. Baada ya hapo nilirudia chini ya taa za LED, kwa sababu rangi ya mwanga inaweza kuyumbisha hiyo sensa ya fokasi. Ilichukua asubuhi moja. Lenzi ambayo msee mwingine angeiuza kwa hasara ndiyo inanilisha mpaka leo.

Wenzangu wa chai, hebu fikirini. Ukipeleka majani kwa kituo cha kununulia, utakubali karani akuambie "niamini tu, ni kilo 20"? Utasimama hapo mpaka uone mizani inasoma ngapi. Kilo moja ya majani tunaipigania, halafu lenzi iliyonunuliwa na pesa ya miezi mingi hatuipimi hata kwa rula ya shule.

Na hiyo pesa si mchezo. Bonasi yetu sisi wa magharibi ya Bonde la Ufa huwa chini kuliko ya wenzetu wa mashariki, kila mtu anajua. Mzazi akimkatia kijana sehemu yake anunue lenzi aanze kazi, hiyo ni karo ya mtu mwingine imesimama. Akirudi na lenzi ambayo haijapimwa, na wenzake wamwambie "umeuziwa feki", ataiuza nusu bei na aache kazi. Hiyo ndiyo hasara inayonikasirisha.

Wauzaji, nanyi mko kwa hii maneno. Kuna kasoro ambazo hakuna menyu wala kifaa cha USB kitaponya. Lenzi ambayo vioo vyake vimekaa upande itatoa kona ya kushoto kali na ya kulia imeyeyuka. Utaiona ukipiga ukuta wa matofali ukiwa umesimama umeuelekea sawasawa. Hiyo lazima irudi dukani. Lakini risiti zenu zimeandikwa kuwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Haijasema "isipokuwa risiti ikikataa". Mwacheni mteja afunge lenzi kwa kamera yake mwenyewe na apige picha 20 kabla hajatoa pesa. Muuzaji akikataa, shika pesa yako na utoke.

Na sisi tunaotengeneza video za kusifu vifaa, tuache kudanganya watu. Kufungua boksi si kupima. Kuonyesha ukungu mzuri wa nyuma si kupima, maana kila f/1.4 duniani inatoa huo ukungu. Tuonyeshe jicho, kwa apacha yote, kwa ukubwa kamili, picha 10 mfululizo bila kuchagua. Kama huwezi, sema umeletewa lenzi na umeipenda, na uishie hapo.

Najua kuna mtu atasema, "Nunua mirrorless, hizo hazina hiyo shida." Ni kweli, kwa sababu zinapimia fokasi kwa sensa inayopiga picha. Ukiwa na pesa, nunua. Lakini huo si ushauri kwa mtu mwenye 700D na kazi Jumamosi. Na hata hiyo mirrorless haitakuambia kama vioo vya lenzi vimekaa upande. Ukuta wa matofali bado unakungoja.

Koito haifanywi mara ya pili ili wewe upate fokasi. Gogo wa miaka 90 anaweza kupigwa picha moja nzuri maishani, na ndiyo itabebwa mbele ya jeneza. Ukichukua pesa ya hiyo kazi na lenzi ambayo hujui inashika wapi, umecheza kamari na pesa na kumbukumbu za wenyewe. Asubuhi moja, boksi, gazeti na rula. Ukishafanya hivyo, njoo tubishane kuhusu majina ya kampuni. Kabla ya hapo sina la kusikiza kutoka kwako.