Bingwa Akibwagwa, Lawama ni ya Nani?

Majuma machache yaliyopita nilialikwa kuwa mwamuzi katika mdahalo wa wanafunzi wa shule mbili za upili huku Msambweni. Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa hii: bingwa wa ndondi akishindwa, wa kulaumiwa ni mkufunzi wake. Nilidhani ingekuwa alasiri ya mzaha na vicheko. Haikuwa hivyo. Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono, msichana wa kidato cha tatu, alimsalimu mwenyekiti kwa adabu, kisha akauliza: ikiwa bingwa akishinda mkufunzi hupigwa picha naye, mbona bingwa akishindwa mkufunzi ajifiche? Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na wapinzani hawakuweza tena kusimama imara.

Walimu waliokaa safu ya mbele hawakupiga makofi, na sababu niliijua. Baada ya matokeo ya KCSE kutangazwa, baadhi ya wazazi wa shule moja jirani walikuwa wamefika langoni wakiwa na matawi mikononi, wakitaka mwalimu mkuu ahamishwe siku hiyo hiyo. Vituko kama hivyo tumevizoea hapa Kwale, na katika shule za msingi vilikuwapo mpaka KCPE ilipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mdahalo uliitwa wa ndondi, lakini kila aliyekuwamo ukumbini alimjua aliyekuwa akihukumiwa.

Niliwapa ushindi waunga hoja, kwa kuwa walisema vizuri zaidi. Hilo ndilo jukumu la mwamuzi. Maoni yangu mwenyewe nayatoa hapa.

Kwanza, tusisahau kwamba bingwa aliyeshindwa ni shahidi dhaifu. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, George Foreman, kijana wa miaka 25 aliyeogopwa na kila mpiganaji wa uzani wa juu, alirusha makonde mpaka akachoka, huku Muhammad Ali ameegemea kamba akimngoja. Katika raundi ya nane Foreman akaanguka. Sababu alizozitoa baadaye zilikuwa nyingi: mara kamba zililegezwa, mara maji aliyopewa na watu wa kona yake yalikuwa na ladha ya dawa. Mkufunzi wake, Dick Sadler, akabaki na doa la kushukiwa. Miaka ilipita ndipo Foreman alipokiri kwamba alipigwa na mtu aliyemzidi akili usiku ule. Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani, na Foreman alihitaji muda mrefu kulikubali.

Hata hivyo, msichana yule hakukosea kabisa. Ziko siku ambazo kona hustahili lawama, tena lawama nzito. Itakumbukwa kwamba tarehe 11 Februari 1990, mjini Tokyo, Mike Tyson aliingia ulingoni akiwa hajawahi kushindwa katika mapambano 37. Aliyekabiliana naye, James Douglas, hakuhesabiwa na mtu. Raundi zilivyosonga, jicho la kushoto la Tyson lilivimba. Kona yoyote inayojua kazi yake huwa na kipande cha chuma baridi cha kukandamizia uvimbe. Kona ya bingwa wa dunia haikuwa nacho! Wasaidizi wake, Aaron Snowell na Jay Bright, wakajaza maji ya barafu katika glavu ya mpira na kumwekea jichoni. Jicho likafunga. Katika raundi ya 10 Tyson alikuwa chini, akipapasa sakafu kutafuta kinga ya meno.

Je, hao wawili ndio waliomwangusha? Walikosa, hapana shaka. Lakini ni nani aliyewaweka pale? Tyson alikuwa na mkufunzi aliyemjua barabara, Kevin Rooney, aliyeifunzwa kazi na mzee yule yule aliyemlea Tyson tangu ujanani, Cus D'Amato. Rooney alifukuzwa mwaka wa 1988. Na huko Tokyo kabla ya pambano, bingwa aliangushwa katika mazoezi na Greg Page, wala hakuna aliyeonekana kushtuka. Anayemfukuza mtu wa kumkemea akaajiri watu wa kumsifu hana haki ya kushangaa akikosa msaada. Chuma kile kilisahauliwa na wasaidizi. Wasaidizi walichaguliwa na bingwa na wapambe wake.

Nadhani tunakosea kwa kuanza na matokeo kisha kutafuta mkosaji. Nahodha wa Gazi akipoteza chombo wakati wa kusi, wavuvi hawamuulizi kwa nini upepo ulivuma. Upepo si wake. Humuuliza kwa nini alitoka siku ile, kama alikagua tanga, na kama aliposhauriwa kurudi alirudi. Nahodha anaweza kuifikisha mashua salama na bado akastahili kukemewa, na anaweza kuipoteza akiwa hana hatia. Mkufunzi naye yuko hivyo hivyo. Kushindwa peke yake hakumtii hatiani.

Linalomtia hatiani ni yale yaliyo mikononi mwake, na kubwa kuliko yote ni kujua wakati wa kusema basi. Hapa sisi Wakenya tuna kidonda chetu. Robert Wangila ndiye Mkenya wa kwanza, na hadi leo wa pekee, kutwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali mjini Seoul mwaka wa 1988. Akaenda Marekani kutafuta riziki. Mnamo Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzalez na kupigwa sana. Aliyesimamisha pambano katika raundi ya tisa ni mwamuzi, na Wangila mwenyewe aliulalamikia uamuzi huo, kwa kuwa alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye alizirai, na baada ya siku mbili akafariki akiwa na umri wa miaka 26. Kila nikikumbuka malalamiko yale huona jinsi bingwa asivyoweza kuwa hakimu wa nafsi yake. Ujasiri uliomfikisha kileleni ndio unaomziba macho. Mtu mwingine lazima aone kwa niaba yake.

Mtu wa namna hiyo alikuwa Eddie Futch. Mjini Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, raundi moja tu ilikuwa imebaki baina ya Joe Frazier na Ali. Macho ya Frazier yalikuwa hayaoni tena makonde yanatokea wapi. Futch, ambaye katika maisha yake alikuwa ameona wapiganaji wakifa kwa ngumi, alikataa kumwachilia ainuke kitini. Frazier alikasirika. Wako waliosema mkufunzi huyo ndiye aliyemnyima ubingwa, maana Ali naye alikuwa hoi. Kwa hesabu ya wale wazazi wa langoni, Futch alishindwa kazi. Kwa hesabu yangu hakuna mkufunzi aliyewahi kuifanya vyema zaidi, na Frazier aliishi miaka 36 baada ya siku ile.

Sasa nirudi kwetu, walimu wenzangu. Tunapolalamika kwamba hatuwezi kulaumiwa kwa mtoto anayeshinda ufuoni Diani akiwauzia watalii makoa na vinyago, au anayekesha katika disko matanga, tunasema kweli. Huo ni upepo. Lakini swali la yule msichana kuhusu picha ni letu. Wanafunzi wakifaulu, tunabebwa mabegani mbele ya magari ya wanahabari, na tunatangaza alama za wastani kama kwamba tuliufanya mtihani sisi. Tulidai ushindi ambao haukuwa wetu wote. Wazazi wakajifunza kutoka kwetu kutudai kushindwa kote.

Siku ile langoni nilikuwapo. Baada ya kelele kupungua, mama mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini, mwanawe alihudhuria masomo siku ngapi. Swali hilo halikuwa limeulizwa na mtu mwingine tangu asubuhi. Rejista ikaletwa. Katika muhula wa pili peke yake kijana alikuwa amekosa siku 31. Mama akauliza tena kama kuna barua iliyotumwa nyumbani. Mwalimu wa darasa akafungua faili, akapekua kurasa zote, akalifunga. Hakukuwa na barua. Mama naye hakuwa amefika shuleni tangu mwezi wa Januari. Matawi yakatupwa kando ya barabara, na wale wawili wakaingia ofisini na rejista yao.