Daftari la Wiki: Upepo wa Cádiz

Wiki hii Cádiz, kusini mwa Hispania, imetawaliwa na levante, upepo wa mashariki unaobanwa kwenye mlango wa Gibraltar na kufika hapa ukiwa mkavu na wa moto. Ukivuma, madirisha hufungwa, nguo huanuliwa, na mwenye hasira huachwa apoe. Kisha hugeuka poniente, wenye ubaridi wa Atlantiki, na watu wakashuka ufukweni. Msomaji aliyekua akihesabu kusi na kaskazi hatahitaji maelezo zaidi.

*

La Caleta ni ufuko mdogo kati ya ngome mbili. Maji yakipwa, mashua hulala mchangani. Akina mama wazee wa mtaa wa La Viña huja na viti vyao vya kukunja, wakacheza bingo hadi jua lizame. Kwangu hao ndio kivutio kikuu cha mji.

*

Sokoni, majira ya kuchipua ni ya jodari. Samaki hao huingia Mediterania kutaga mayai, na wavuvi wa Barbate, Conil na Zahara huwakinga kwa nyavu zilizotiwa nanga karibu na pwani. Asiye na fedha za jodari na ale tortillita: uduvi uliokorogwa na unga wa ngano na wa dengu, ukakaangwa ukawa mwembamba, mkavu, wa kulika kwa vidole. Nimekula nyingi mno.

*

Katika kanisa la San Felipe Neri ilikamilishwa katiba ya Hispania ya mwaka 1812, iliyotangaza kuwa mamlaka ni ya taifa, si mali ya mfalme. Waongozaji huisifu, na inastahili. Lakini kifungu cha 22 kiliwanyima uraia wenye asili ya Afrika, isipokuwa wachache ambao wangetunukiwa kwa utumishi wao. Mgeni aambiwe yote mawili, palepale mlangoni.

*

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mji ulikuwa na watu zaidi ya 150,000. Sasa ni kama 110,000. Kazi za viwanda vya meli zilipungua, na bahari imeuzunguka mji hata hakuna pa kujenga. Sasa nyumba za mji mkongwe zinageuzwa za kupangishia watalii, na vijana wanahamia San Fernando na Chiclana. Anayekuja Cádiz alale hotelini, awaachie watu wa La Viña nyumba zao.